Miaka mitatu ya kukaa kimya dakika kumi kila asubuhi: nilipokosea na nilichopata

Kimyakimya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu nimekuwa msomaji wa kupita tu, ila hili nikilinyamazia nitakuwa mchoyo. Kila meditesheni ikitajwa, watu wanagawanyika mafungu mawili. Kuna wanaosema inaponya kila kitu, kuanzia presha mpaka ndoa. Na kuna waliojaribu siku tatu wakaacha, wakisema "kichwa changu hakitulii, hiki kitu si changu." Fungu la kwanza linanichosha. La pili nilikuwa humo, tena mstari wa mbele.

Uzi ni mrefu, tafuta pa kuegemea.

Kupotea kwangu kulianzia kwenye jina. Niliambiwa meditesheni ni "kutafakari". Sasa Kiswahili tunakijua: kutafakari ni kulichukua jambo ukaligeuza upande huu na upande ule mpaka likuelee. Ukimwambia mtu akae atafakari, atakaa awaze. Nami nikakaa nikawaza kweli kweli. Nikawaza madeni, nikawaza neno alilonijibu bosi mbele za watu, nikainuka kichwa kizito kuliko nilivyokaa. "Taamuli" nalo linaelekea hukohuko. Ndiyo maana humu nitasema meditesheni, wataalamu wa lugha mnisamehe.

Ninachofanya ni hiki. Asubuhi kabla sijagusa simu kwa lolote zaidi ya kuweka kengele ya dakika kumi, nakaa kwenye kiti cha kawaida. Nyayo zinakanyaga sakafu, mgongo umesimama bila kuegemea, mikono juu ya mapaja. Halafu naipeleka akili puani, pale pembeni ya tundu. Hewa ikiingia ina kaubaridi, ikitoka ina uvuguvugu. Siivuti kwa nguvu wala siipangi, naifuata tu. Kila inapotoka nahesabu: moja, mbili, mpaka kumi, kisha narudi moja. Hesabu hii ni ya zamani, watu wa Zen, tawi mojawapo la Ubudha, wanamwanzishia nayo mgeni.

Rahisi, eeh? Siku ya kwanza ilikwenda hivi: moja... mbili... tatu... hivi ile meseji ya jana nilijibu? Sikujibu. Ataniona nina dharau. Lakini na yeye mwaka juzi si alinikalia kimya wiki nzima? Tena siku ile alikuja na yule jamaa yake... Nazinduka, kengele imebaki dakika moja. Sijui nimekuwa wapi.

Miezi miwili nikawa namaliza nimekasirika. Nilidhani wenzangu wakifumba macho wanaona weupe mtupu, mimi peke yangu ndiye niliyezaliwa na soko kichwani. Aliyenitoa hapo ni rafiki mmoja mkubwa kwangu kiumri, kwa swali moja: "Ulipogundua kwamba umeondoka, ulifanyaje?" Nikamwambia nilirudi kwenye pumzi. "Mara ngapi?" Labda mara ishirini. Akasema, "Basi umefanya mara ishirini."

Wakuu, hapo ndipo penyewe. Nilikuwa nahesabu kila kuondoka kuwa ni kufeli, kumbe kurudi ndilo zoezi. Mchunga mbuzi hatuambiwi kashindwa kazi kwa kuwa mbuzi kachepuka njiani. Mbuzi asingechepuka, mchungaji wa nini? Anamrudisha, safari inaendelea, bila mayowe wala fimbo ya hasira. Hiyo "bila fimbo" ndiyo iliyonichukua muda, maana mimi nilikuwa najitukana kila nikipotea, na matusi yenyewe yakawa mawazo mengine ya kunipoteza.

Usidhani una ugonjwa kwa akili kuzurura. Mwaka 2010 watafiti Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wa watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, saa yoyote, unafanya nini sasa na akili yako iko wapi. Asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine. Karibu nusu ya maisha ya macho! Na wakiwa wamezurura, kwa jumla walikuwa na furaha ndogo kuliko wakiwa na jambo lililo mbele yao, hata kama jambo lenyewe halikuwa la kupendeza.

Kwa upande wa mwili kuna kitu unaweza kukipima sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Vuta pumzi pole pole, halafu itoe taratibu zaidi. Wengi mtasikia mapigo yakiharakisha kidogo hewa ikiingia, yakilegea ikitoka. Hiyo ni kazi ya neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Ukitoa pumzi, inaushika moyo breki. Ndiyo maana mtu aliyetua mzigo hushusha pumzi ndefu, hakuna aliyemfundisha.

Nilichopata? Sikuacha kukasirika, tusidanganyane. Ila nitawapa tukio moja. Usiku, nimeshalala nusu, mwenzangu kazini anatuma ujumbe kwenye kundi akinitupia kosa ambalo si langu. Nikaandika jibu refu, aya nne, limekolea pilipili. Kidole kiko juu ya kitufe. Hapo nikasikia masikio yana moto. Nikasikia kifua kimebana na meno yameumana. Zamani joto lile lingekuwa lishatuma ujumbe, mimi nifuate nyuma kuomba radhi. Safari hii niliuona moto kabla ya kuufuata. Nikalaza simu kifudifudi. Asubuhi nikajibu mistari miwili, kosa likajulikana la nani. Ni hicho tu. Sekunde tatu za nafasi ambazo zamani sikuwa nazo.

Usingizi nao: bado naamka saa tisa usiku mara kwa mara. Tofauti ni kwamba sigombani na saa. Nalala chali, napitisha akili mwilini kuanzia vidole vya miguu, unyayo, kifundo, goti. Kiunoni sifiki mara nyingi.

Nitajibu maswali nikipata nafasi.

---

Pwaguzi

Nimeweka kambi. Ngoja nikae kimya dakika kumi nione kama mwenye nyumba atasahau kodi.

---

Kimyakimya

Hatasahau mkuu. Ila akigonga utamfungulia umetulia.

---

Bint_Hekima

Kaka asante kwa uzi. Mimi nikifumba macho tu, nakoroma. Nimejaribu asubuhi, jioni, hakuna kitu. Nafanyaje?

---

Kimyakimya

Dada, kwanza jiulize unalala saa ngapi kwa usiku mmoja. Mwili unaodai usingizi ukipewa kiti na utulivu unajilipa wenyewe, haki yake. Ukishalipa deni hilo, usikae kitandani wala usiegemee. Fumbua macho nusu, uangalie sakafu hatua mbili mbele yako bila kukodolea kitu. Ikishindikana, simama utembee: kisigino kinagusa, unyayo unashuka, vidole vinasukuma. Polepole, kutoka ukuta hadi ukuta. Watawa wa Kibudha wanatembea hivyo kwa saa nzima, si njia ya wavivu.

---

Kengele_ya_Alfajiri

Samahani mkuu, mimi nitakuwa tofauti. Hizi si ibada za watu tunaingizwa kwa mlango wa nyuma? Ukiondoa akili kichwani unaacha nyumba wazi, lolote linaingia.

---

Kimyakimya

Swali halali, sitalikwepa. Asili ya mengi ya haya ni India na Ubudha, kulificha hilo ni uongo. Aliyeyatoa kwenye hekalu akayapeleka hospitali ni Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979, Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani. Aliwachukua wagonjwa wenye maumivu sugu, wale ambao madaktari walikuwa wameishiwa la kuwafanyia, akawapangia kozi ambayo siku hizi ni ya wiki nane. Hakuwaambia waamini chochote. Zoezi mojawapo la mwanzo ni kula punje moja ya zabibu kwa dakika kadhaa: iguse, inuse, isikilize ukiibana karibu na sikio, ndipo utafune. Ibada hapo sijaiona.

Kuhusu nyumba wazi: hakuna kinachoondolewa kichwani. Mwenye nyumba yuko ndani, tena macho. Anatazama nani anaingia na nani anatoka, badala ya kulala sebuleni mlango ukiwa wazi kama tulivyo siku nyingine zote.

Lakini kama dhamiri inakusuta, acha. Kitu unachokifanya ukiwa na hofu hakitakutuliza.

---

Ustadh_Mdogo

Niongezee hapo. Sisi tuna dhikri. Ukikaa na tasbihi baada ya swala, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, ulimi unataja na moyo unatakiwa uwepo. Na ukweli ni kwamba ulimi unafika 33 moyo uko kazini. Alichosema mwanzisha uzi kuhusu kurudi, nimekielewa kwa njia hiyo. Ila nisieleweke vibaya, dhikri ni kumkumbuka Mola, si zoezi la presha. Nia ni tofauti.

---

Mama_wa_Mapacha

Na Wakristo wa Mashariki wana sala ya Yesu, sentensi moja inayorudiwa sambamba na pumzi: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Mizizi yake ni wale wamonaki wa jangwani Misri karne za mwanzo. Nakubaliana na Ustadh, nia ni kitu kingine.

Mimi sina dakika kumi za kiti, nina watoto wawili wa miezi saba. Ninachofanya ni wakati wa kunyonyesha. Simu naiacha chumba kingine. Namtazama anavyonyonya, anameza mara tatu, anapumzika, anashusha pumzi puani, anaanza tena. Nimehesabu anavyonyonya kuliko nilivyowahi kuhesabu pumzi zangu. Sijui kama inahesabika.

---

Kimyakimya

Inahesabika dada, tena wewe umenizidi.

---

Mizani

Mwanzisha uzi, umeandika vizuri, lakini tuwe wakweli kwenye ushahidi. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilitoa mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Waliona nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakuona ushahidi kwamba inashinda matibabu mengine kama dawa au mazoezi ya viungo. Mambo ya "inakuza ubongo" ndiyo usiseme: mwaka 2022 watafiti walikusanya watu 218, wakawapima ubongo kwa picha kabla na baada ya kozi ya wiki nane, hawakuona mabadiliko ya umbo yanayotokana na kozi. Mwaka huohuo Uingereza wakatoa matokeo ya kufundisha meditesheni mashuleni, wanafunzi zaidi ya 8,000. Haikuwasaidia kuliko mafunzo yao ya kawaida.

Na lingine. Kuna utafiti wa 2022 unaopendwa sana, watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi, nusu wakapewa dawa ya escitalopram, nusu kozi ya Kabat-Zinn, wakatoka karibu sawa. Safi. Ila wale walikuwa na darasa la saa mbili na nusu kila wiki, na dakika 45 nyumbani kila siku. Wewe unatuuzia dakika kumi.

---

Kimyakimya

Mkuu Mizani, umenikamata na sijitetei. Dakika kumi zangu si kozi ile, na sikusudii mtu asome uzi huu akadhani amepata tiba ya wasiwasi. Nilichosema ni nilichokiona kwangu: sekunde tatu kabla ya kutuma ujumbe. Hizo hakuna jarida litakalozichapisha.

La shule halinishangazi. Mtoto wa miaka kumi na miwili umwambie afumbe macho kwa kuwa ratiba imesema? Hata mimi ningechungulia nione nani kalala.

Ila na wewe ukiri upande mmoja. "Haishindi dawa wala mazoezi" si sawa na "haifai." Kwa wanaorudiwa na sonona mara kwa mara, Uingereza miongozo yao ya tiba imeikubali tangu 2004, ile aina iliyochanganywa na tiba ya mazungumzo, ili kuzuia isirudi. Hawakuiweka pale kwa mahaba.

---

Mizani

Nakubali. Na anayependa kukimbia akimbie.

---

Baba_Salome

Vijana, mimi nina presha mwaka wa sita. Nikianza hii naweza kuacha vidonge?

---

Kimyakimya

Hapana mzee wangu, shikamoo. Usiache hata kimoja bila daktari wako. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko 2017: meditesheni inaweza kuongezwa juu ya matibabu, kwa kuwa gharama na hatari yake ni ndogo, ila isichukue nafasi ya matibabu. Kaa na pumzi yako, kisha umeze kidonge chako.

---

Baba_Salome

Marahaba. Nimekuelewa.

---

Jani_Kavu

Nilikuwa nasita kuandika hapa. Mimi nilikwenda kwenye kozi ya kimya ya siku kumi. Hakuna kuongea, hakuna simu, kengele inalia saa kumi alfajiri, unakaa karibu saa kumi kwa siku. Siku tatu za kwanza maumivu ya magoti tu. Siku ya tano usiku moyo ukaanza kwenda mbio, nikaona mikono yangu kama si yangu, kama naitazama ya mtu mwingine. Nikamwambia aliyekuwa anatusimamia, akasema ni dalili nzuri, endelea kukaa. Nikaendelea. Nilirudi nyumbani nikakaa wiki tatu siwezi kulala taa ikiwa imezimwa. Watu wakisoma nyuzi kama hizi wanadhani kuna raha tu.

---

Kimyakimya

Pole sana ndugu. Na asante, maana hili nilipaswa kuliandika mimi mwanzoni.

Hauko peke yako. Mapitio ya 2020 yaliyokusanya tafiti 83 yalikuta takriban asilimia 8 ya watu wakipata madhara, zaidi wasiwasi na sonona, na baadhi yao hawakuwahi kuwa na tatizo kabla. Chuo Kikuu cha Brown kuna watafiti wamekaa miaka wakiwasikiliza watu wenye visa kama chako.

Aliyekwambia "endelea" alikosea, nalisema bila kupepesa. Mikono ikianza kuonekana ya mtu mwingine, unasimama. Fumbua macho, nenda nje, ongea na mtu, shika kitu kizito chenye ubaridi. Aliyepitia jambo zito la zamani, kupigwa, ajali, kufiwa kwa ghafla, kufumba macho na kuingia ndani kunaweza kumfungulia mlango asiouweza peke yake. Huyo aanze na macho wazi, dakika mbili, na sauti za nje badala ya pumzi, tena akiwa na mtu wa tiba anayemjua. Na siku kumi si mahali pa mgeni. Huwezi kujifunza kuogelea kwa kutupwa mkondoni.

Sasa unalala?

---

Jani_Kavu

Nalala. Nilimwona mtaalamu wa saikolojia miezi minne. Meditesheni sijarudi na sidhani nitarudi. Nalima bustani ndogo, inatosha.

---

Kimyakimya

Inatosha kabisa.

---

Kengele_ya_Alfajiri

Nimerudi. Sikutaka kusema ila nimeanza siku sita zilizopita, nikitanguliza sala yangu kwanza. Goti linalia, nilikuwa nakunja miguu kama kwenye picha.

Halafu leo nimehesabu mpaka kumi na tisa. Hiyo vipi?

---

Kimyakimya

Hahaha. Ina maana ulipita kumi bila kuona, ulimi ulikuwa unahesabu mwenyewe umekuacha nyuma. Bado hunitokea, wiki iliyopita nilijikuta ishirini na sita.

Miguu ishushe, kaa kwenye kiti. Na ukigundua uko kumi na tisa, rudi moja.